Nusu Siku Katika Vijiji vya Wanewari



Pindi ukijaaliwa kufika Kathmandu, mji mkuu wa Nepal, na ukawa na nusu siku tu mkononi, usiimalize madukani. Shali na vikombe vya shaba utavikuta jioni vikikungojea pale pale. Tafuta kijana mwenyeji akuongoze, toka mapema, elekea kusini, uvuke mji wa Patan, mpaka ufike vijiji viwili vinavyotazamana, Bungamati na Khokana. Havipati kilomita 10 kutoka katikati ya mji. Mimi nilikwenda hivyo, asubuhi moja ya baridi baada ya mavuno ya mpunga, na kiongozi wangu alikuwa kijana wa Patan, Mnewari kwa baba na mama.

Huenda ukaniuliza: vijiji vya watu wa dini nyengine, kila pembe ina hekalu, vina nini cha kumvuta Muislamu aliyekwenda safari zake? Swali lako ni la haki. Mahekalu niliyatazama kwa nje, na kijana yule hakuona vibaya; kwao pia kuna pahali ambapo mgeni haingii. Nilichokwenda kutazama ni watu, na namna wanavyoshikana.

Wanewari ndio wenyeji wa kale wa bonde la Kathmandu. Wengine wao ni Mabaniani kwa dini, wengine wafuasi wa Buddha, na wengi wanayachanganya yote mawili bila ya kuona taabu. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 iliwakuta zaidi ya milioni 1.3, nao hawafiki watu 5 katika kila 100 wa nchi ile. Zamani bonde lilikuwa na falme zao tatu, Kathmandu, Patan na Bhaktapur, chini ya wafalme wa ukoo wa Malla, mpaka Prithvi Narayan Shah wa Gorkha alipoziteka katika miaka ya 1768 na 1769. Tangu hapo lugha ya serikali ikawa Kinepali, na lugha yao wenyewe, iitwayo Nepal Bhasa, ikarudi nyuma. Wakati wa utawala wa ukoo wa Rana, ulioanza 1846 ukaisha 1951, kuandika kwa lugha hiyo kuliweza kumtia mtu kifungoni. Mshairi Chittadhar Hridaya alifungwa mwaka 1941, akakaa ndani mpaka 1945, na humo gerezani akatunga kwa siri utungo mrefu juu ya maisha ya Buddha kwa lugha ya mama yake. Mwaka 1965 redio ya serikali nayo ikaacha kutangaza kwa lugha ile. Kijana wangu aliniambia kwamba bibi yake hasemi naye ila kwa Nepal Bhasa, naye humjibu kwa Kinepali. Nilitaka kumwambia neno; lakini nikawakumbuka watoto wa ndugu zangu na Kiingereza chao, nikanyamaza.

Bungamati unaingia kwa miguu, njia imetandazwa matofali. Kitu cha kwanza kitakachokupendeza, ewe uliyezaliwa pwani, ni baraza. Wao huiita falcha: ukumbi mdogo ulio wazi mbele, una paa na nguzo za mti, umejengwa kando ya njia ili msafiri apumzike. Wazee wamekaa humo wakiota jua, kofia kichwani, mazungumzo hayana haraka. Kama si baridi ungedhani uko Lamu.

Kisha tazama madirisha. Nyumba za zamani ni za matofali mekundu, ghorofa tatu au nne, na madirisha yake ni ya mti ulionakshiwa, mengine yamesukwa kimia kwa vipande vidogo vidogo vilivyopachikana. Aliye ndani humuona apitaye njiani, na apitaye njiani hamuoni aliye ndani. Chini huwekwa nafaka na vyombo, watu hulala ghorofa za kati, na jiko liko juu kabisa chini ya paa, ambako mgeni asiye wao hapandi. Sikuhitaji kufasiriwa jambo hili. Sitara ya nyumba ni kitu ambacho watu wengi wamekifikia kila mmoja kwa njia yake.

Bungamati ni kijiji cha maseremala wa nakshi. Kila mlango wa tatu au wa nne unasikia nyundo na patasi. Fundi hukaa chini, ubao ameubana kwa nyayo zake, na patasi zimepangwa mbele yake, nyembamba kwa nene. Mmoja wao, aliposikia kwamba mimi ni Muislamu, aliweka patasi yake chini akaniamkia kwa Kiarabu. Alikuwa amefanya kazi ya ujenzi Jeddah miaka kadhaa, akajifunza Kiarabu cha sokoni. Basi kiongozi wangu, aliyelipwa kunifasiria, alibaki kutuangalia sisi wawili tukizungumza kwa lugha isiyo yake wala yetu. Vijana wengi wa Nepal wamekwenda Ghuba kama walivyokwenda wetu, na mwenye jamaa yake Muscat au Doha anajua fedha hizo hujengea nini na hubomoa nini. Yeye alirudi akanunua mbao. Mwanawe mkubwa sasa yuko Qatar. Nilimuuliza kama mwana huyo anajua kuchonga. Akanionyesha ua lililokatwa nusu kwenye ubao uliotundikwa ukutani, likaachwa hivyo.

Kati ya kijiji pana uwanja, na hapo ndipo nilipofahamu zilzala ni kitu gani. Tarehe 25 Aprili 2015, saa sita za mchana hazijatimia, ardhi ya Nepal ilitikisika kwa nguvu ya 7.8, na watu karibu 9,000 wakafa. Hekalu kuu la Bungamati, nyumba ya mungu wao aitwaye Rato Machhindranath, ambaye humweka miezi sita hapa na miezi sita Patan, lilianguka lote. Nyumba nyingi za matofali na udongo zilikwenda nalo. Ujenzi mpya ulichukua miaka, na mahali pengi nyumba ya kale imesimama nusu, imeegemezwa magogo, ubavuni mwake imepanda nyumba ya saruji iliyo nyembamba mfano wa kasha lililosimamishwa. Mgeni husikitikia madirisha. Mwenye nyumba anasikitikia watoto wake waliolala chini ya mabati siku za baridi, na saruji aliipata upesi kuliko fundi wa kimia. Mimi simlaumu.

Sasa, msomaji, nataka ukae kidogo, maana hili ndilo lililonifanya niandike.

Nilimuuliza kijana: nani hutengeneza falcha hizi, nani husafisha mifereji ya mawe inayotoa maji, nani alilipia hekalu tangu hapo? Akajibu neno moja: guthi. Na kadiri alivyozidi kunieleza ndivyo nilivyozidi kuona kwamba ananieleza wakfu. Tangu zama za wafalme wa Licchavi, miaka zaidi ya 1,000 iliyopita, mtu mwenye mali akitoa shamba, mazao yake yawe ya kazi maalumu daima: kutengeneza baraza ya wasafiri, kulisha watu siku ya sikukuu, kuwasha taa, kuchunga bomba la maji. Shamba hilo haliuzwi. Jamaa kadhaa hushika dhamana, na huishika kwa zamu, mwaka huu nyumba hii, mwaka ujao nyumba ile.

Ipo pia guthi ya mazishi. Nyumba zilizomo zina wajibu wa kwenda msibani, kumchukua maiti mpaka mtoni wanakochoma wafu wao, na kuhudhuria yanayofuata. Asiyekwenda bila ya udhuru hutozwa faini. Kijana alisema kwamba baba yake aliwahi kuiacha kazi yake mjini mchana kweupe kwa ajili ya jirani ambaye hawakuwa wakisemezana, kwani guthi haiulizi nani mmegombana naye. Anayetoka katika guthi ya mazishi, akasema, ni mtu aliyeamua kufa peke yake.

Usidhani kwamba jambo hili limesalimika. Mwaka 1964 serikali ilianzisha shirika la kusimamia guthi, na mwaka huo huo ikaja sheria ya kugawa ardhi. Mashamba mengi ya guthi yakaingia mikononi mwa serikali, mengine mikononi mwa waliokuwa wakiyalima, na mengine, hili ndilo lenye uchungu, yakaandikwa kwa majina ya wale wale waliopewa dhamana kuyachunga. Wajukuu wao wakauza. Shamba likiondoka, taa haiwashwi. Taa isipowashwa, mtoto hajui kwamba iliwahi kuwashwa. Nani kati yetu pwani hajui kisima au shamba la minazi lililowekwa wakfu kwa ajili ya msikiti, na leo juu yake imepanda nyumba ya mtu, na wazee wakiulizwa hutazamana?

Lakini mwezi wa Juni 2019, ilipoletwa sheria mpya ya kuziweka guthi zote chini ya mamlaka moja ya serikali, Wanewari walitoka majumbani. Maelfu kwa maelfu walijaa njia za Kathmandu, wazee kwa vijana, na vyombo vyao vya ngoma. Serikali iliurudisha mswada ule. Kijana wangu alikuwemo. Alipokuwa akinieleza alisema kwa sauti tafauti na ile ya kuongozea wageni, na saa yake hakuitazama hata mara moja.

Kutoka Bungamati mpaka Khokana ni mwendo mfupi wa miguu, unapita karibu na kichaka chenye hekalu la Karya Binayak, katikati ya mashamba. Khokana ni kijiji cha mafuta ya haradali. Utayasikia kwa pua kabla ya kuyaona. Mbegu hukaushwa, husagwa, hutiwa moto, kisha hubanwa kwa magogo makubwa mpaka mafuta yatiririke, meusimeusi na makali. Wazee wetu nao walikamua simsim kwa kinu kilichozungushwa na ngamia, na wengi wenu mmekisikia tu kwa hadithi. Barabara ya kijiji ni pana, na siku ya jua wanawake huanika mpunga na pilipili hapo hapo njiani, wengine wakisokota sufi milangoni. Wageni huwapiga picha pasi na kuuliza. Mama mmoja alifunika uso kwa ukaya wake. Mwenye kamera akasogea karibu zaidi. Haya ni mambo ya kuona aibu hata kwa aliyekuwa akitazama tu, na kiongozi mwema, kama wangu, huomba ruhusa kwanza kwa lugha ya mwenye nyumba.

Mashamba ya Khokana yana kesi. Barabara kuu mpya ya kwenda nchi tambarare za kusini, ya kama kilomita 70, iliyokabidhiwa jeshi kuijenga mwaka 2017, imepangwa kuanzia hapa. Wenyeji hawakukubali, ardhi ile ndiyo mpunga wao, na ndimo zinamopita njia za sikukuu zao. Julai 2020 walikwenda kupanda mpunga kwenye mashamba yaliyotwaliwa, wakakutana na askari, wakapigana. Tuliposimama ukingoni kijana alinyoosha mkono akanionyesha: pale, na pale.

Nilinunua chupa moja ya mafuta, tukarudi. Adhuhuri nilimwomba anishushe karibu na mnara wa saa, Ghantaghar, kwenye misikiti ya Kathmandu. Waislamu wa kwanza waliokaa mji ule walikuwa wafanyabiashara wa Kashmir, waliokaribishwa na mfalme Ratna Malla, Mnewari, mwishoni mwa karne ya 15 au mwanzo wa karne ya 16, na msikiti wa Kikashmiri ungali pale. Kijana aliniuliza msikiti huo nani huutunza. Nikamwambia, ni namna ya guthi. Akacheka, akasema atanichungia chupa yangu mpaka nitoke.