Ukerewe: Kioo Kilichoshindwa na Jua

Ndugu msomaji, leo nakuchukua Ukerewe. Kama hujafika huko, panda meli pale Mwanza, uyaache nyuma yale mawe makubwa yaliyopandana kandokando ya maji, ukae kwa saa tatu na zaidi mpaka Nansio. Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria. Huko Kagunguli ndiko alikoishi Aniceti Kitereza, katekista, aliyemaliza kuandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, na kitabu kikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja tu kabla ya kufa kwake. Lakini safari yetu haikuwa ya vitabu. Tulikwenda kutazama mipaka ya mashamba, na siku ya kwanza jua likatushinda.

Labda unakumbuka jinsi ziwa lilivyopanda mwaka 2020, na tena mwaka 2024. Waliokaa pwani ya ziwa hawawezi kusahau. Maji yaliingia katika majaruba ya mpunga, yakakaa. Yalipoanza kurudi nyuma, matuta yalikuwa yamelainika, vigingi vimechukuliwa, na kila mtu alionyesha mpaka wake kwa kidole. Unajua vidole vya watu wawili waliopakana havionyeshi mahali pamoja.

Katika kijiji tulichofikia alikuwako bibi mmoja mjane, mwenye jaruba moja tu. Jirani yake alisema tuta la zamani lilipita huku. Bibi alisema lilipita kule. Kati ya huku na kule palikuwa na hatua kumi na nne. Ukisimama chini huoni kitu ila tope lililokauka na mabua. Lakini kutoka juu matuta ya zamani huonekana kama mishipa katika mkono wa mzee, hata yakiwa yamelala. Ndiyo sababu wazee wa kijiji walikubali waitwe vijana wawili wenye ndege nyuki, ile ndege ndogo isiyo na rubani. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga walikuwa nacho.

Kisiwa hiki si kigeni kwa ndege za namna hiyo. Mwaka 2018 zilijaribiwa hapa kuleta dawa kutoka bara, kilometa 60 kwa muda wa dakika 40 hivi. Basi watoto hawakukimbia. Walikaa chini wakangoja kama watu wanaosubiri mpira uanze.

Ilikuwa mwisho wa Septemba. Ukerewe iko kusini kidogo tu ya ikweta, na siku hizo jua hupita juu ya utosi kabisa. Tulichelewa njiani, tukaanza kazi saa saba kasoro, wakati kivuli cha mtu kimejikunja chini ya miguu yake. Kijana aliyeirusha ndege alishika mkononi kidhibiti chenye simu juu yake. Katika kioo cha simu hiyo alitakiwa aone anachoona mdudu wake kule angani, pamoja na chaji iliyobaki na kimo cha ndege.

Nilimwuliza, "Unaona nini?"

Akajibu, "Naona uso wangu."

Alidhani picha ni giza, kwa maana kioo kilionekana cheusi. Akaongeza mwanga wa kamera. Bado giza. Akaongeza tena. Halafu akaenda chini ya mwembe ili aone vizuri. Hapo kioo alikiona, lakini ndege hakuiona tena, na majani ya mti husumbua mawimbi ya redio yanayomfunga yeye na ndege yake. Anayerusha lazima aione ndege kwa macho. Akarudi juani, akamaliza kwa kubahatisha.

Usiku, kwa Padre Paroko, tulizifungua picha katika kompyuta. Nyeupe! Majaruba yote yalikuwa meupe kama shuka lililoanikwa. Mahali palipobaki vidimbwi jua lilirudi moja kwa moja kwenye kamera, likatoboa picha kwa madoa ya moto. Jaruba la bibi halikuwa na tuta wala mpaka. Na meli ya kuturudisha ilikuwa kesho yake alasiri.

Nataka nikueleze vema kisa cha jambo hili, maana linakuhusu hata wewe unayeshindwa kusoma ujumbe wa simu njiani saa sita mchana.

Wataalamu hupima mng'ao wa kioo kwa mishumaa. Chukua mwanga wa mshumaa mmoja, uutandaze katika meta moja ya mraba: hicho ndicho kipimo kimoja. Simu nyingi za kawaida hutoa mishumaa 500 hivi kwa kila meta ya mraba. Vidhibiti vilivyotengenezwa makusudi kwa kazi ya nje hufika 1,000, na vichache hupita hapo. Chumbani, 500 ni nyingi hata zaumiza macho. Sasa toka nje. Fulana nyeupe, ikipigwa na jua la utosini, hurudisha mng'ao upatao mishumaa 25,000. Na kioo kitupu, kama maji yaliyotulia, hurudisha sehemu kama 4 katika kila 100 za mwanga unaokifikia. Piga hesabu: 4 katika 100 za 25,000 ni 1,000. Yaani kivuli cheupe cha fulana ndani ya kioo kina nguvu mara mbili kuliko picha yenyewe.

Na kijana wetu alivaa nini? Fulana nyeupe ya kwaya, imefuliwa na kupigwa pasi, kwa heshima ya wazee.

Kwa hiyo adui hakuwa jua peke yake. Alikuwa amemvaa mwilini. Nguo nyeusi au ya buluu iliyokoza, katika jua lilelile, huacha ndani ya kioo mishumaa hamsini au sitini tu, na picha hupata nafasi ya kuonekana. Mimi nilikuwa nikidhani dawa ni kununua kioo cha bei kubwa. Kioo chenye mng'ao zaidi chasaidia, sikatai, ila ukiwa na fedha hiyo na bado ukavaa kanzu nyeupe, umepoteza nusu ya fedha zako.

Lipo jambo la pili, na ndilo lililotuharibia picha. Picha kuonekana giza katika kioo si dalili kwamba kamera inakosa mwanga. Macho yaliyozoea jua kali huona kioo kama shimo. Ukiongeza mwanga wa kamera mpaka kioo kikuridhishe, umeiunguza picha. Ndiyo maana wapiga picha stadi huangalia ule mchoro mdogo wa vilima ulioko pembeni mwa kioo: kilima kikisongamana na kugonga ukuta wa kulia, picha inaungua, hata kama macho yako yasema ni giza. Kijana wetu alikuwa nao mchoro huo, ila siku zote aliuzima kwa sababu, alisema, unaziba mandhari.

Niongeze na miwani. Wavuvi wengi hupenda ile miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji. Ni mizuri, lakini ukikitazama kioo cha simu nayo, pengine kioo huwa cheusi kabisa. Ukikigeuza upande, picha yarudi. Mtu asiyejua hudhani simu imekufa. Na simu ikiachwa juani ikapata joto, yenyewe hupunguza mng'ao wake ili isiungue, wakati uleule unapouhitaji. Baadhi ya watengenezaji wakubwa wameandika zisitumiwe hewa ikizidi nyuzi 35. Iweke katika kikapu chenye kivuli mpaka dakika ya kurusha.

Asubuhi ya pili tulikuwa shambani saa tatu. Jua lilikuwa bado pembeni, kwa hiyo vidimbwi vilirusha mng'ao wake kando, si juu kwenye kamera. Na matuta yaliyolala yalipata vivuli vyembamba vya kuyaonyesha. Kijana alivaa shati la kazi la buluu. Mwenzake alipewa kazi ya kuitazama ndege tu, asigeuze shingo. Tukakata boksi la sabuni, tukaifungia simu pande tatu kama kofia ya mtawa.

Bado kulikuwa na mwanga uliopenya kwa juu. Tukawa tunahangaika na koti langu, mara limshuke usoni, mara lianguke. Hapo bibi akasogea.

"Mjukuu wangu," akasema, "kwani mwavuli mmeuona una ubaya gani?"

Ulikuwa mwavuli mweusi wa zamani, ule wa kwenda nao Misa. Akaufungua, akasimama nyuma ya kijana, akamfunika kichwa, kioo na kila kitu. Mimi nikawakumbuka wapiga picha wa zamani wenye masanduku ya miguu mitatu, waliokuwa wakijitia kichwa ndani ya kitambaa cheusi, nasi watoto tukicheka. Kumbe walikuwa na sababu ileile: wapate giza dogo la kuonea.

Kijana alinyamaza kidogo ili macho yake yazoee. Kisha akasema, "Sasa naona mabua. Naona hata nyayo za ng'ombe." Akaufungua ule mchoro wa vilima, akapunguza mwanga wa kamera hata kilima kikaacha ukuta, akairusha ndege mistari kumi na moja, kwenda na kurudi. Kwa muda wote huo bibi hakubadili mkono.

Ndege iliposhuka tulizikagua picha palepale chini ya mwavuli, maana hatukutaka tena kungoja usiku. Katika picha ya saba, kati ya tope la kijivu, ulionekana mstari mweusi ukitoka ziwani na kupanda moja kwa moja hadi kwenye kisiki cha mkuyu. Bibi hakusema neno. Aliuweka ukucha wake juu ya kioo, akaufuata mstari polepole mpaka kisikini.

Haukupita pale aliposema jirani, wala haukupita hasa pale aliposema yeye. Ulipita hatua tatu ndani ya upande wake. Akacheka, akasema hatua tatu si kitu, zitamfaa jirani kwa kufungia bata. Kisha akamwita jirani huyo, aliyekuwa amesimama juani mbali kidogo na mikono nyuma, akamwambia, "Njoo na wewe uingie chini ya mwavuli, huko ulipo hutaona kitu."