Sungura wa Kwetu Bunyoro

Natoka Masindi, magharibi mwa Uganda. Mhadhiri alipotutaka tueleze mnyama mmoja wa kwetu, nilimchagua sungura wa Bunyoro. Wenzangu walicheka, kwa sababu Sungura wanayemjua ni yule mjanja wa hadithi, anayemdanganya Fisi. Huyu wa kwetu hana ujanja huo.

Ni mnyama mdogo mwenye manyoya ya kahawia na masikio mafupi. Mchana hujilaza katika nyasi ndefu au kati ya miamba. Usiku hutoka kutafuta chakula. Hupenda majani machanga, hasa yanayochipua baada ya moto kupita au nyasi kufyekwa. Kwa hiyo anahitaji vitu viwili vilivyo karibu: nyasi fupi za kula na nyasi ndefu za kujificha.

Hayo sikuyajua nilipokuwa na miaka tisa. Siku moja, nikichunga mbuzi, niliona watoto wawili katika shimo fupi lililofunikwa kwa nyasi. Hawakuwa na manyoya na macho yao yalikuwa bado yamefumba. Nilidhani wametupwa. Nikawabeba hadi nyumbani, nikawapa maziwa ya ng'ombe na majani ya kabichi.

Bibi alipowaona alisema, "Mjukuu wangu, mama yao hakuwatupa. Aliwafunika ili wasionekane. Warudishe kabla ya giza."

Nilikaidi. Siku ya tatu asubuhi niliwakuta wamekufa.

Hapa chuoni nimejifunza kwamba neno sungura hutumika kwa wanyama wawili tofauti: huyu anayezaliwa bila kuona, na yule wa mbugani anayezaliwa na manyoya, macho wazi. Neno ni moja, lakini yule wa pili hahitaji shimo. Wa kwetu bila shimo hana mtoto.

Mwaka huu kaka yangu anataka kupanda miwa mpaka kwenye miamba ile. Siwezi kumlaumu, maana miwa ndiyo inayonilipia karo. Lakini wakati wa likizo nilimwomba auache ukanda wa nyasi chini ya mwamba. Alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Hatua ishirini, basi."

Nilizipima mwenyewe, nikinyoosha miguu kadiri nilivyoweza.