Maalim, Nitazame Wapi?





Ndugu wanafunzi na wazazi, nimeombwa niandike juu ya darasa la hati ninalolisomesha. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa na mwanafunzi wa miaka tisa, hodari wa kuhifadhi, lakini mkono wake mzito. Kila akiandika herufi ya 'ain, tumbo la herufi lilitoka limevunjikavunjika. Nami nikamsimamia kichwani: "Kaza kidole gumba! Legeza kiwiko! Usipinde mkono!" Nilidhani namsaidia. Kumbe kila nilivyozidi kusema, mkono ulizidi kutetemeka, mpaka wino ukadondokea karatasi. Siku moja hakuja. Mama yake alikuja kuniambia, kwa adabu zake, "Maalim, mtoto anasema Mungu hakumpa mkono wa kuandika." Sikulala vizuri usiku ule.

Katika kutafuta dawa nilisoma habari za mtaalamu mmoja, Gabriele Wulf. Mwaka 1998 yeye na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la watu waliojifunza kutumia mashine ya mazoezi ya kuteleza kwenye theluji. Theluji kwetu hatuijui, lakini mashine yenyewe ni kibao chenye magurudumu, unasimama juu yake na kukisukuma kulia na kushoto. Kundi moja liliambiwa lifikirie miguu yao inavyosukuma. Jingine lifikirie magurudumu yaliyo chini ya miguu hiyo hiyo. Kutoka unyayo hadi gurudumu ni nafasi ndogo mno! Hata hivyo wa magurudumu ndio waliojifunza zaidi, na walibaki mbele hata siku waliyopimwa bila kuelekezwa. Maelezo yake ni kwamba mtu akikisimamia kiungo chake kwa fikra, huuzuia mwili kufanya kazi unayoiweza wenyewe. Anayeendesha baiskeli huku akiwaza magoti yake, tunajua atakapoishia.

Jaribio lile halikuwa la kalamu, nami nalijua hilo. Lakini nilimwita mtoto, nikamtilia nukta ndogo za penseli pale tumbo la 'ain linapopita. Nikamwambia, "Ncha ya kalamu ipite hapa, ikalale pale."

Akaniuliza, "Na kidole gumba, maalim?"

"Kiache."

Kushika kalamu nilimwonyesha mara moja tu mwanzoni, kwani asiyeishika sawasawa hana ncha ya kuitazama. Baada ya hapo sikutaja tena kidole wala kiwiko. Juma la kwanza hapakuwa na badiliko lolote, na nusura nikate tamaa mimi kabla yake. Juma la tatu 'ain ikatoka na tumbo la mviringo. Akainua karatasi kuwaonyesha wenzake bila kuniomba ruhusa, nami sikumkemea.

Jim bado inamtoa jasho, na anaandika polepole kuliko wenzake. Lakini anakuja kila siku. Aliyebaki na shida ni mimi: nikimwona ameinamia karatasi, ulimi unaniwasha kusema "kaza kidole." Basi huenda dirishani nikavuta tasbihi mpaka amalize mstari.

Wabillahi tawfiq.