Siku nzima juu ya Bunyonyi, chakula ndani ya bei

Juma hili siandiki juu ya mapigano wala barabara. Kuna watu walioona picha zangu kwenye simu wakaniuliza: «Mwandishi, watu wanauawa Beni na wewe unatembea na boti?» Swali si baya. Nitawasimulia siku yenyewe, kisha kila mtu aseme anavyoona.

Kwetu Butembo na Beni, mtumbwi ni kazi ao ni kukimbia. Tunaijua Kyavinyonge, tunaijua Vitshumbi, tunajua wavuvi wanaotoka usiku kwenye ziwa Edouard (wazee wengine bado wanaliita ziwa Idi Amin, jina lililopewa mwaka 1973 wakati wa Mobutu) na kurudi asubuhi na tilapia, ama kutorudi kwa sababu ya kiboko na dhoruba. Kupanda mtumbwi ili kuangalia tu, halafu ulipe pesa kwa kuangalia, mama yangu hajaelewa mpaka leo. Zamani mwenye kutaka visiwa alishuka Goma, akaona Idjwi, akiwa na uwezo akafika Tchegera ndani ya mbuga ya Virunga. Lakini Kanyabayonga ilichukuliwa mwezi wa sita 2024, Goma ikafuata mwezi wa kwanza 2025, na ziwa Kivu likawa mbali nasi kama ng'ambo ya bahari.

Ndiyo sababu tuliona visiwa upande wa Uganda. Tulikuwa watu watatu wa redio, tumeitwa Kabale kwa mafunzo ya siku nne: mimi, fundi wetu wa mitambo, na mwenzetu wa kike anayefanya kazi kwenye redio moja ya Beni. Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilomita 54, hiyo tunaizoea. Kutoka Beni mpaka Kasindi ndiyo safari ya kumwomba Mungu: magari yanapangwa mstari, askari mbele na nyuma, hakuna dereva anayetaka kuwa wa mwisho. Ukivuka Mpondwe, mwili unalegea. Kasese, mbuga ya Queen Elizabeth, Ishaka, Ntungamo, Kabale. Mafunzo yaliisha siku ya tano, siku ya sita ilikuwa ya bure. Kwenye ukuta wa nyumba ya wageni kulikuwa na karatasi: boti siku nzima, visiwa, chakula cha mchana ndani ya bei. Shilingi 90,000 za Uganda kwa mtu mmoja. Fundi alihesabu kwa dola, akahesabu tena kwa faranga, akanyamaza. Halafu akasema: «Kama chakula kimo, twende.»

Saa tatu tulikuwa Rutinda, bandari ndogo ya ziwa. Ilikuwa siku ya soko. Mitumbwi ilikuwa inaingia na viazi, mtama, mashoka ya mpini mpya, mbuzi aliyefungwa miguu, mama mmoja anapiga kasia na mtoto mgongoni. Mitumbwi yao ni ya mti mzima uliochimbwa, mikaratusi mingi. Boti yetu ilikuwa ya mbao yenye mota na kitambaa cha kivuli juu, na kila mmoja alipewa jile. Ya fundi haikufungika tumboni. Mwongozaji wetu alikuwa mtu wa hapohapo, Mukiga, mwenye Kiswahili cha askari, maana kule wengi wamejifunza lugha hii kwa askari na kwa wafanyabiashara wa mpaka. Tulimwita papa ingawa hatuzidi miaka mingi, akafurahi.

Bunyonyi maana yake ni mahali pa ndege wadogo, na mtu wa Kinande anaelewa neno hilo bila kutafsiriwa. Ziwa liko juu sana, karibu mita 1,960, kwa hiyo asubuhi ni baridi kama Lubero. Lilizaliwa volkano zilipomwaga mawe ya moto na kuziba bonde. Maji yakapanda, vilima vikabaki vichwa nje, navyo ndivyo visiwa. Wanahesabu 29. Hakuna kiboko, hakuna mamba. Hilo lilitushangaza kuliko uzuri wenyewe: watoto wanaruka majini na hakuna anayepiga kelele.

Kisiwa cha kwanza kinaitwa Bucuranuka, yaani kilichopinduka. Papa alitusimulia: watu walikuwa wanapika pombe, bibi mzee akapita akaomba, wakamnyima. Akaomba basi wampe mtu wa kumvusha. Walipofika ng'ambo, kisiwa kikageuka chini juu na wote wakazama, akapona kuku mmoja aliyeruka. Fundi alisema kwetu hakuna anayemnyima mzee kasiksi, ndiyo maana milima ya Lubero bado imesimama. Tulicheka sana.

Kicheko kiliisha tulipofika Akampene.

Kwa mbali nilidhani ni majani tu yanayoelea. Ni kadogo, hakatoshi uwanja wa mpira wa kikapu, nyasi na mti uliokauka wenye ndege weusi juu. Watalii wanakaita kisiwa cha adhabu. Zamani, msichana wa Bakiga akipata mimba kabla ya kuolewa aliletwa hapa na kuachwa bila chakula na bila moto. Sababu ilikuwa ng'ombe: binti aliyeolewa vizuri alileta mahari, mwenye mimba aliharibu hesabu ya baba, na akawa mfano kwa wadogo zake. Wengi hawakujua kuogelea. Wengine walikufa kwa baridi na njaa, wengine walizama. Na kulikuwa na vijana maskini, wasio na ng'ombe wa kutoa, waliokuja na mtumbwi kuchukua mke bure. Desturi hiyo ilikwisha katika karne iliyopita, si mbali sana: mwaka 2017 BBC walimhoji bibi mzee ambaye aliachwa pale akiwa na miaka 12, akaokolewa na mvuvi, akazeeka naye.

«Na wavulana waliowapa mimba, waliwapeleka kisiwa gani?» mwenzetu aliuliza.

Papa alijibu kwamba wavulana hawakuletwa.

Hapo nieleze kitu, na aliniruhusu kukieleza, jina lake tu ndilo aliomba niache. Akiwa na miaka 17, huko Beni, baba yake alitupa sanduku lake nje ya lupango. Alilala siku mbili kwa jirani, kisha shangazi akamchukua. Mtoto yule leo ana miaka kumi na minne, anasoma. Baba alikufa bila kumshika mkono. Mwenzetu ndiye anayefanya kipindi cha jioni ambacho wasichana wanapiga simu, na tangu wakimbizi wa ndani wajae katika kartie za Beni na Oicha, simu za namna hiyo haziishi: msichana aliyepata mimba shambani kwa watu wenye silaha, mwingine kwa kijana wa jirani, na kwa baba wote ni kosa moja.

Aliomba boti isogee. Nahodha hakutaka, akasema chini ni matope, wageni wanapiga picha kutoka hapa. Alisisitiza. Alivua viatu, akashuka, maji yakamfika magotini, akasimama kwenye nyasi labda dakika tano akiangalia kilima cha ng'ambo. Kutoka pale unaona mashamba vizuri. Unaona moshi wa jikoni, unaona mtu anaita ng'ombe. Mimi sikuwa nimefikiri hilo: waliachwa mahali ambapo waliona nyumbani. Aliporudi alisema neno moja tu kwa Kinande, nalo siliandiki hapa. Hatukupiga picha ya kisiwa hicho.

Chakula kilikuwa kwenye kisiwa kingine, chini ya miti, meza imewekwa tayari. Kwa kuwa kilikuwa ndani ya bei, lazima nikieleze. Kulikuwa na matoke, viazi vya kukaanga, parachichi, na sahani kubwa ya kamba wekundu wa maji baridi, wenye makucha mawili kama nge. Mnyama huyo asili yake ni Marekani, aliletwa ziwani, akazaa bila kipimo, sasa ndiye utajiri wa wapishi. Fundi alimgeuza kwa uma, akamwangalia usoni, akauliza kama hakuna makayabo. Mimi nilikula. Nyama ni kidogo, kazi ni nyingi, lakini mchuzi wa kitunguu saumu ulikuwa mzuri kweli. Sukre mbili kwa kila mtu. Ya tatu unalipa. Mwenzetu alikula taratibu, na kamba wa fundi aliwamaliza yeye.

Mchana tulifika Bwama, na kama ningekuwa na nafasi ya kisiwa kimoja tu, ningechagua hiki. Mwaka 1921 daktari Mwingereza, Leonard Sharp, alifika Kabale pamoja na mwenzake Algie Stanley Smith. Walikuta wagonjwa wa ukoma wamefichwa ao wamefukuzwa katika vijiji. Mwaka 1931 Sharp alianza kuwakusanya Bwama, naye mwenyewe akakaa kisiwa cha jirani, Njuyera. Lakini hakuweka vitanda tu. Wagonjwa walijenga nyumba, wakalima, wakawa na kanisa, wakaoana. Dapsone ilipopatikana katika miaka ya 1940, watu walianza kupona. Baadaye kituo kikafikia mwisho wake, maana ukoma haukuhitaji tena kisiwa. Leo mgonjwa anameza mchanganyiko wa dawa nyumbani kwake, na tangu 1995 dawa hizo hutolewa bure duniani kote kupitia OMS.

Majengo yamekuwa shule. Tulipita kati ya wanafunzi wenye sweta, ukuta mmoja mzee umepasuka, mbuzi wanakula penye kaburi. Papa alisimama mbele ya nyumba isiyo na paa akasema bibi yake mzaa baba aliletwa Bwama akiwa msichana, vidole vimeanza kupotea. Akaolewa hapohapo na mgonjwa mwingine. «Ukoo wetu ulianzia hapa,» alisema, kama mtu anayekuonyesha hati ya kiwanja.

Wasomaji wa Butembo, najua mnawaza nini, kwa sababu na mimi niliwaza hivyo. Ebola ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 kutoka Mangina. Ilipotangazwa kwamba imekwisha, tarehe 25 mwezi wa sita 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Kila jioni nilisoma hesabu kwenye mikro. Tarehe 24 mwezi wa pili 2019 kituo cha matibabu cha Katwa kilichomwa, siku tatu baadaye cha Butembo kikashambuliwa, na mwezi wa nne daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na OMS, akauawa ndani ya hospitali mjini mwetu. Dunia iliandika kwamba sisi ni watu wa kichwa ngumu. Kulikuwa na uongo mwingi, ndiyo, na siasa za uchaguzi, na watu wenye silaha. Lakini kulikuwa pia na jambo jepesi ambalo kila familia ililiona: mama anaingia kwenye gari akitembea, na unayemwona tena ni mfuko uliofungwa. Hapa katikati hukuona kitu. Beni walipoleta vile vyumba vya ALIMA vya plastiki inayoonyesha ndani, mtu akakaa nje kwenye kiti akaongea na mgonjwa wake, akamwona anakunywa uji, matusi yalipungua kwenye simu za redio. Nasema nilichosikia masikioni mwangu. Na wale waliopona, tuliowaita washindi, ndio waliobeba watoto ambao mama zao walikuwa ndani.

Nilimuuliza papa kama watu wa ng'ambo walikuja kutembelea ndugu zao Bwama. Alisema bibi yake alisimulia kwamba mwanzoni walikuja wachache na kubaki kwenye mitumbwi, wakatupa mtama pwani wakaondoka. Baadaye walishuka. Baadaye tena walikuja kununua viazi, maana Bwama walilima vizuri kuliko wao.

Saa kumi masomo yalikwisha. Wanafunzi wanaokaa ng'ambo waliingia kwenye mitumbwi, watatu watatu, vitabu ndani ya mifuko ya plastiki. Mtumbwi mmoja ulikuwa na wasichana watupu na ulikuwa unaenda upande wetu, kwa hiyo nahodha aliwarushia kamba, tukawavuta. Mwenzetu aliwauliza darasa, wakasema la tatu. Aliwauliza wanataka kuwa nani. Mmoja alisema muuguzi, mmoja mwalimu, wa tatu alisema hajui bado, na wenzake wakamcheka. Mwenzetu alitoa chombo chake cha kurekodia, akakipangusa maji, akamwambia huyo wa tatu aongee karibu na mikro.

Kwa wanaouliza njia: karatasi ya kupita inapatikana Kasindi, masoko ya Rutinda ni siku ya kwanza na siku ya tano ya juma, na bei ya boti inapungua mkiwa wengi. Mwenye mwili kama wa fundi aulize jile kabla ya kulipa.