Aliyehama ni Nani?

Wapenzi wa lugha, leo nawaletea kitenzi kutoka mahali ambapo washairi wetu hawapiti sana: mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mikono kuliko miguu, wachezaji wakiwa na kofia ngumu vichwani. Naishi kaskazini mwa Texas, si mbali na mji wa Arlington uliko uwanja wa Dallas Cowboys. Kila ufikapo mwezi wa Oktoba, wasemaji wa Kiswahili wa hapa kwetu, Wakongo, Wakenya na Watanzania, hunigeukia mimi mfasiri wao na kuniuliza: timu imelegea, sasa itamtoa nani na kumleta nani? Kulijibu swali hilo kwa Kiingereza ni kazi nyepesi. Kwa Kiswahili kuna kitenzi kimoja kinachonisumbua, na msumbuko wenyewe nauona una faida kwa kila apendaye lugha hii.

Kwanza nieleze jambo lilivyo. Ligi ya NFL ina timu 32. Kila timu husajili wachezaji 53, na jumla ya mishahara yao ina kikomo. Mwaka 2025 kikomo hicho kilikuwa dola milioni 279.2 kwa kila timu. Mshairi ataelewa upesi, kwa maana kikomo hicho ni kama mizani: ukitaka kuingiza neno zito, sharti utoe jingine, la sivyo mshororo utafurika. Msimu ukiendelea, timu huruhusiwa kupeana wachezaji mpaka Jumanne inayofuata wiki ya tisa ya michezo. Siku hiyo ikipita, mlango umefungwa.

Wapenzi wa soka watalifananisha jambo hili na dirisha dogo la usajili, lakini tofauti ni kubwa. Katika soka, klabu hulipa fedha, na mchezaji hukaa mezani na klabu mpya akatia sahihi mkataba mpya. Huku mkataba wa zamani humfuata mchezaji kama kivuli, na badala ya fedha timu hupokea mchezaji mwingine au, mara nyingi, hupokea zamu. Kila mwaka timu huteua vijana kutoka vyuo vikuu kwa zamu, katika mizunguko saba, na zamu hizo zinaweza kutolewa kabla ya wakati wake. Kwa hiyo mtu mzima mwenye mke na watoto aweza kutolewa kwa zamu ya mwaka wa kesho kutwa, na kijana atakayeteuliwa kwa zamu hiyo bado yuko darasani, hana habari kwamba nafasi yake imekwisha kulipiwa na mtu asiyemjua.

Timu iliyofika katikati ya msimu ina njia tatu. Ya kwanza ni kumtoa nyota wa leo ili kupata zamu za kesho. Cowboys waliipita njia hiyo mwaka 1989. Walikuwa wamepoteza michezo yote mitano ya mwanzo, na tarehe 12 Oktoba wakamtoa Herschel Walker, mkimbiaji wao hodari, kwenda Minnesota Vikings. Walipata wachezaji watano na rundo la zamu. Msimu huo waliumaliza kwa ushindi mmoja na vipigo 15. Hata hivyo, zamu zile zilisaidia kujenga kikosi kilichotwaa ubingwa wa misimu ya 1992, 1993 na 1995.

Njia ya pili ni kinyume chake, kutoa kesho ili kuiokoa leo. Mwezi Oktoba 2018, wakiwa na ushindi mara tatu na vipigo vinne, Cowboys walitoa zamu yao ya mzunguko wa kwanza wa 2019 kwa Oakland Raiders, wakampata mpokeaji Amari Cooper. Wakamaliza na ushindi mara kumi na kuongoza kundi lao. Njia ya tatu ni kutulia, na haina simulizi.

Mwaka 2025 njia hizo zilichanganyika. Mwezi Agosti, kabla ya msimu kuanza, timu ilimtoa Micah Parsons, nguzo ya ulinzi wake, kwenda Green Bay Packers, ikapata mlinzi Kenny Clark na zamu mbili za mzunguko wa kwanza. Ilipofika tarehe 4 Novemba, ilikuwa na ushindi mara tatu, vipigo vitano na sare moja, na ulinzi wake ulikuwa ukivuja kama paa la makuti yaliyochakaa. Wengi wetu hapa tulidhani itaendelea kutoa. Badala yake ikamleta Quinnen Williams kutoka New York Jets, ikamtoa Mazi Smith pamoja na zamu ya mzunguko wa pili ya 2026 na ya mzunguko wa kwanza ya 2027.

Sasa tuliseme hilo kwa Kiswahili. Jets walimfanya nini Williams?

Magazeti yetu ya michezo yana jibu tayari: walimuuza. Lakini hakuna fedha ya ununuzi iliyopita mezani, kwa hiyo neno si la kweli. Tena lina uzito mwingine. Kwa mtu wa pwani, kitenzi hiki kikikaa jirani na mtu, masikio husimama. Soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilifungwa mwaka 1873, na lugha haijasahau. Huku Marekani nako wachezaji walio wengi katika ligi hii ni weusi, na wamiliki wa timu karibu wote ni weupe. Atakayesema "ameuzwa" ajue anagusa kidonda katika pwani mbili.

Haki nayo isemwe. Wachezaji hawa hulipwa mamilioni, wana chama chao, na utaratibu wa kazi yao umo katika makubaliano ambayo chama hicho kilitia sahihi. Huo si utumwa, na kuuita hivyo ni kuwadhulumu walioufahamu utumwa wenyewe.

Jibu la pili ni kubadilishana. Hapa sarufi ni sahihi, kwa sababu kiambishi cha kutendana kinadai pande mbili, na pande mbili zipo: Dallas na New York. Ila angalia mchezaji amekaa wapi ndani ya sentensi. Walipatana wao, walipeana wao, walibadilishana wao. Yeye ndiye kilichobadilishwa, sawa na shati au gurudumu.

Jibu la tatu ni kuhama. Ni neno jepesi na la heshima, ila mwenye kuhama hufunga mizigo kwa hiari yake. Vijana waliozaliwa huku wameruka mtaro wote huu. Wao husema "wamemtredi" na mchezo unaendelea.

Jumapili moja ya mwezi huo wa Novemba niliyaweka maneno haya mbele ya wazee tunaokutana nao baada ya ibada. Mzee mmoja, mzaliwa wa Fizi aliyeishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu huko Kigoma kabla ya kuletwa Marekani, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Mwanangu, huyo mtu mwenyewe huulizwa?"

Nikamjibu kwamba timu hailazimiki kumwuliza, isipokuwa kwa wachache ambao mikataba yao ina kifungu cha kukataa. Nikamwambia pia kwamba mwaka 1989 Darrin Nelson, mmoja wa waliotolewa na Minnesota, aligoma kwenda Dallas, akaishia San Diego.

"Basi huyo mmoja alihama," akasema. "Hao wengine wamehamishwa. Sisi Fizi tulikimbia. Miguu ilikuwa yetu. Kutoka kambini kuja huku tulihamishwa. Nashukuru nilihamishwa, watoto wangu wanasoma. Lakini usiniambie nilihama."

Nimelitafakari jibu hilo kwa muda mrefu, na kila nikilipima nalikuta limetimia. Chukua shina hama. Kiambishi -ish- kinaleta mkono wa mtu mwingine, mwenye uwezo wa kumwondosha mwenzake. Kiambishi -w- kinamleta aliyeondoshwa na kumweka mbele ya sentensi awe kiima chake. Kwa viambishi hivyo viwili, mwenye nguvu hajifichi na asiye na nguvu hageuki kuwa bidhaa. Mwalimu wa shule ya serikali kule nyumbani analijua neno hili vizuri: barua ya uhamisho inaweza kumpandisha cheo au kumtenga na familia yake, na neno ni lile lile. Mtu anaweza kuhamishwa akalia, au akashangilia. Kitenzi hakimwamulii.

Basi nimejiwekea kanuni. Habari ikiwa ya timu, naandika kwamba zimebadilishana. Habari ikiwa ya mtu, naandika kwamba amehamishwa. Amari Cooper alihamishwa kutoka Oakland hadi Dallas mwaka 2018, akahamishwa kwenda Cleveland mwaka 2022, akahamishwa tena kwenda Buffalo mwezi Oktoba 2024, msimu ukiwa katikati. Dallas walimpata kwa zamu ya mzunguko wa kwanza. Walipomtoa, zamu kubwa waliyopokea ilikuwa ya mzunguko wa tano. Ukisema "alihama mara tatu", utamfanya aonekane mtu asiyetulia.

Usiku wa Jumapili ile nilitunga ubeti huu, nikamsomea mzee kwa simu:

Wawili wamepatana, wa tatu yuko njiani,
Mikono wamepeana, kalamu i kidoleni,
Mkewe na wake wana, wamebaki mlangoni,
Nambieni waungwana, aliyehama ni nani?

Aliupenda, ila akaniagiza nitunge wa pili, wa huyo kijana aliye darasani ambaye zamu yake imekwisha kutolewa. Hapo bado natafuta kitenzi. Hajahama wala hajahamishwa. Ameahidiwa bila kujua, kama mtoto aliyechumbiwa tumboni. Kuposwa? Kuwekwa rehani? Mwenye neno na alilete hapa ukumbini tulipime pamoja. Novemba ijayo nitalihitaji.