Gia Zinaposaga: Kutafuta Hitilafu kwenye Peugeot 504

Leo nazungumzia hitilafu isiyo ya kompyuta. Hata hivyo mtaona kwamba njia ya kuitafuta ni ile ile tunayotumia programu ikigoma.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya mzee wangu. Kama hukuzijua, muulize yeyote aliyesafiri kati ya Embu na Meru miaka ile. Zilikuwa zikijaza abiria na kupanda milima bila kulalamika. Zilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, zikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Hata baada ya saluni yake kuachwa kutengenezwa Ufaransa mwaka 1983, Kenya tuliendelea kuziunganisha kwa miaka mingi.

Sasa, ya mzee ilianza kusaga gia. Krrrr! Kila gia, na namba mbili ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Fundi mmoja pale Embu alisikiliza mara moja tu akatoa hukumu: "Giaboksi imeisha, ishushwe." Kwenye 504 hiyo si kazi ndogo, kwa sababu shafti inayopeleka nguvu nyuma imo ndani ya bomba refu lililofungwa kwenye giaboksi. Pesa aliyotaja ingelipa karo ya muhula mzima.

Kuliacha hivyo hivyo pia hakukuwezekana. Mzee huenda Meru mara kwa mara, na barabara ile inashuka na kupanda mabonde ya mito ya Mlima Kenya: Thuci, Nithi, Mutonga. Ukishuka Nithi unahitaji gia ndogo ishikilie gari. Ikikataa kuingia, kazi yote inabaki kwa breki, na breki zikipata moto sana hazishiki. Sote tunaikumbuka ajali ya basi ya Julai 2022 kwenye daraja lile, iliyoua watu zaidi ya 30.

Tuanze na jinsi inavyofanya kazi. Ili gia iingie kimya, sehemu mbili zinazozunguka ndani ya giaboksi lazima zilingane kasi. Klachi inakata nguvu ya injini, halafu pete za shaba, ambazo mafundi huziita sinkronaiza, zinasawazisha kasi kama breki ndogo. Kelele ni meno yanayogongana kabla kasi hazijalingana. Kwa hiyo washukiwa wakuu ni wawili: klachi isiyoachia sawasawa, au pete zilizolika. Mmoja yuko nje ya giaboksi, mwingine yuko ndani. Tofauti ya bei yao ndiyo ile karo.

Haya, majaribio. Badilisha kitu kimoja tu kila mara.

1. Zima injini, kanyaga klachi, pitia gia zote. Zote ziliingia laini. Basi vyuma vya kuchagulia gia havijapinda wala kukwama.

2. Washa injini, gari limesimama. Kanyaga klachi mpaka chini, hesabu hadi tano, ingiza rivasi. Ilisaga. Rivasi za magari mengi ya zamani hazina sinkronaiza, kwa hiyo kama klachi imeachia kabisa, sekunde tano zinatosha gia kutulia. Hapa klachi ilikuwa bado inaburuta.

3. Pampu pedali mara tatu haraka, kisha ingiza tena. Iliingia kimya! Hapo nikajua tatizo liko kwenye mafuta yanayosukuma klachi.

Nililala chini ya gari nikakuta silinda ya chini ya klachi imelowa. Tulibadilisha raba zake, tukajaza mafuta ya breki, tukatoa hewa. Gharama? Haikufika hata karibu na ile ya kushusha giaboksi.

Lakini ngojeni. Barabarani gia zote zilikuwa safi isipokuwa moja: kutoka tatu kurudi mbili, bado krrr. Hii ni hitilafu ya pili, iliyojificha nyuma ya ile ya kwanza. Kila mwandishi wa programu anaijua hali hii.

4. Kanyaga klachi, weka fri, achia klachi, ongeza moto kidogo, kanyaga klachi tena, ingiza mbili. Iliingia bila sauti. Yaani dereva akisawazisha kasi mwenyewe, kelele inaisha. Basi pete ya namba mbili imelika kweli.

Kwa hiyo fundi hakukosea kabisa; alitaja hitilafu ndogo akaiacha kubwa. Angeshusha giaboksi na kubadilisha pete, kisha klachi ile inayoburuta ingeanza kuzila pete mpya.

Mzee alipoona mbinu ya klachi mara mbili alicheka, maana alijifunza udereva kwenye lori. Pete itangoja. Tumekubaliana jambo moja: namba mbili iingie juu kabisa, kabla mteremko wa Nithi haujaanza.