Jina la Nyumbani

Chwaka, karibu kila ninayemjua ana majina mawili. Lipo la kitambulisho, na lipo la nyumbani, ambalo likitajwa baraza nzima inajua ni nani, ila ukilipeleka benki halikufai kitu.

Kompyuta nazo ni hivyo. Kila mlango wa Etheneti unatakiwa uwe na anwani ya MAC: biti 48, yaani baiti 6. Kwa kawaida kampuni hununua kwa IEEE, kule Marekani, fungu la baiti 3 za mwanzo, kisha hugawa yenyewe zile 3 za mwisho. Fungu moja linatosha milango 16,777,216.

Bodi nne nilizoagiza kwa utafiti wangu wa uzamili zilikuja na anwani moja. Kiwanda kilinakili programu ileile ndani ya zote kikaziacha hivyo. Nilizichomeka kwenye swichi, vipima joto nikavitia ndani ya ndoo nne za maji. Swichi hukumbuka anwani fulani iko mlango upi. Hii ilikuwa ikiiona anwani moja kwenye milango minne, basi ikawa inahamahama. Bodi moja ikisikika, nyingine kimya.

Si jambo dogo. Mama mkubwa analima mwani kwenye Ghuba ya Chwaka. Cottonii, wenye bei nzuri, hufa maji yakizidi joto. Spinosum huvumilia zaidi, lakini bei yake haba. Anataka kujua wapi maji yana nafuu, karibu na ufukwe au kule kwenye kina. Bodi mbili zikijibu kwa jina moja, nitampa uongo wenye desimali.

Nilipomweleza, akauliza: "Kwani mwanangu, mpaka Wazungu ndio wazipe majina?"

Hapana. Kanuni zenyewe zimeacha nafasi. Ndani ya baiti ya kwanza kuna biti inayosema: anwani hii imetolewa hapa hapa. Ukianza na 02 huvunji sheria, ilimradi uhakikishe hazifanani ndani ya mtandao wako. Wala humdhuru jirani, kwa sababu anwani ya MAC haivuki ruta. Ni jina la nyumbani.

Ipo njia ya mkato: kuiachia programu ibuni anwani yoyote kila bodi inapowaka. Lakini umeme wetu hukatika, na kila ukirudi bodi ingekuwa mgeni, data zake za jana hazina mwenyewe. Nikaandika mwenyewe, kutoka 02:00:00:00:00:01 hadi 02:00:00:00:00:04, nikazihifadhi ndani ya kumbukumbu ya kila bodi, na namba nikaiandika kwa maka peni juu ya boksi.

Mama mkubwa hazisomi namba hizo. Yeye ameshachagua moja iende ufukweni, moja kwenye kina, na mbili katikati, na anaziita kwa mahali zitakapopima. Bamvu lijalo tunavipeleka vipima joto majini.